Salamu Iliyo Ndani ya Santuri

Katika duka la santuri Iringa tulikuwa watano: mwenye duka, dereva wa lori kutoka Uyole, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe mwimbaji, na mimi na mwanangu mgongoni. Katika santuri nilizozipenda mwaka jana, ya marehemu huyo ndiyo inayonisisimua mwili hadi leo.

Ilikuwa imebaki nakala moja, na dereva aliitaka. Mwenye duka akaiweka kwenye gramafoni aisikie kwanza. Kabla ya gitaa, sauti ya marehemu ikasalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu," mama akaitika, akageukia mlangoni kumtazama.

Dereva akarudisha pesa mfukoni. "Mpe mama, mzee. Mimi sijasalimiwa."

Mwezi uliofuata zililetwa nakala nyingine za santuri ileile. Nilizisikiliza zote: gitaa linaanza moja kwa moja, bila salamu.