Vifungo vya Merle

Basi lilikuwa bado linapanda mlima, ukungu umefunika vioo, Ngaire alipotambua kwamba huko anakokwenda hamjui hata mtu mmoja. Alitoka New Zealand, ndoa imemshinda, akapata kazi ya uuguzi katika mji mdogo wa milimani, kusini mwa Sydney. Angekaa kwa mzee Lindsay, fundi reli mstaafu, ambaye mwisho wa mwezi binti yake angekuja kumchukua akaishi naye Perth, upande wa pili wa nchi. Baada ya hapo nyumba angeipanga Ngaire peke yake.

Mzee alimpokea kituoni, akambebea begi. Walipofika getini akamwonya.

"Ukianika nguo, usitumie vibanio vya buluu."

"Kwa nini?"

"Vitaibiwa."

Asubuhi Ngaire akamwona mwizi mwenyewe. Nyuma ya nyumba, chini ya kichaka, ndege wa kijani mwenye macho ya zambarau alikuwa amesimamisha vijiti kuta mbili, katikati ujia mwembamba. Mbele yake ametandaza vitu vya buluu: vifuniko vya chupa, unyoya wa kasuku, kibanio cha nguo. Dume hujenga hivyo ili jike aje, aingie, akague, aamue. Hukaa kijani miaka mingi akijifunza kazi, kisha taratibu huvaa weusi unaong'aa buluu. Ndege huyu, Lindsay alianza kumwangalia mwaka aliofiwa na mkewe, Merle. Sasa weusi ulikuwa umeanza mgongoni.

"Nikimwona jike ameingia humo," mzee alisema, "nitapanda gari la binti yangu bila ubishi."

Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa na kazi yake bafuni. Nondo waliovutwa na taa aliwachukua mmoja mmoja kwa kipande cha kadi, akawaweka kivulini. Magamba ya nyenje yaliyoganda kwenye nguzo za baraza yalikatazwa kufagiliwa. Chakula alikula amesimama, uso dirishani. Meza ilikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa na darubini juu yake. Ngaire hakuwahi kuambiwa aiondoe.

Siku ya Alhamisi Ngaire alimfuata kwenye matembezi ya kila wiki ya kutazama ndege kijitoni. Walikuwa wazee wachache wenye kofia pana, wakinong'ona kama walio msibani.

"Bado kijani tu, kijana wako?" Clive, aliyewahi kuwa mchinjaji, alimchokoza.

"Anavaa polepole. Si kama wewe, uliyezeeka hujaoa."

"Sikuoa kwa sababu sikuwa na vifuniko vya chupa."

Wakacheka kidogo, wakarudisha darubini machoni. Hawakuulizana habari za nyumbani. Merle alipofariki walikuja hadi getini, wakamweleza Lindsay juu ya ndege mdiria waliyemwona asubuhi hiyo, wakaondoka. Na walikuwa na mwiko wao: ndege unamtazama, humsaidii.

Siku zikayoyoma, jike hakuja. Jioni moja Ngaire alikuwa akiosha vyombo akamwona mzee amepiga magoti kichakani na kopo la vifungo vya Merle, akichagua vya buluu na kuvitandaza.

"Mzee, si mlisema hasaidiwi?"

"Ni vifungo tu, binti."

Kesho yake vifungo viliwaka juani. Aliyeviona kwanza hakuwa jike. Alikuwa dume aliyekomaa, mweusi, kutoka kijitoni. Alitua, akang'oa kijiti, akang'oa kingine, mpaka kuta zote zikalala chini. Kisha akaanza kubeba vifungo. Yule wa kijani alitazama kutoka juu ya uzio. Lindsay alitazama kutoka dirishani, chai ikipoa mkononi.

"Alikuwa na vitu vichache, hakuna aliyemjali," alisema. "Mimi nikamtangaza."

Alhamisi iliyofuata mzee hakutoka. Clive alileta keki iliyofungwa kwenye gazeti, akaiacha barazani bila kubisha hodi.

Asubuhi ya safari, binti yake, Jocelyn, alikuwa akipakia masanduku. Ngaire alikuja mbio kutoka nyuma.

"Mzee, ameanza tena. Vijiti viwili vimesimama. Njoo uone."

Lindsay alishika mlango wa gari, akafikiri.

"Nikimwona nitampa kitu tena."

"Baba, tunachelewa."

Akaingia. Gari lilipoanza kusogea akateremsha kioo.

"Vibanio, binti."

"Najua, mzee."

Ngaire alisimama barabarani mpaka mlio wa gari ukamezwa na miti. Kisha akaenda kwenye kamba ya nguo. Mwisho kabisa wa kamba kulikuwa na kibanio kimoja cha buluu, alichokibana mwenyewe jana kwa kumhurumia yule ndege. Akakitoa, akakitia katika kopo la Merle lililoachwa mezani, akakaza kifuniko.

Aliondoa darubini kitini, akaketi. Huko kichakani kijiti kilianguka, kikainuliwa, kikaanguka tena.