Kura Moja Iliyozidi

Mume wangu haamini mashine za kupigia kura, na simlaumu. Kule Kenya aliwahi kuwa wakala kituoni, akaona matokeo yakibadilika mbele ya macho yake. Kwa hiyo chama chetu cha Wakenya hapa Sydney kilipoamua kuchagua viongozi kwa tableti badala ya kunyoosha mikono, alijiteua mwenyewe kuwa mlinzi. Nani angembishia? Mimi ninayelala naye nilishachoka kumbishia.

Tableti ilikuwa ya msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kensington, aliyetutengenezea programu bure. Asubuhi ile, ukumbini Merrylands, mume wangu alimhoji kama polisi wa trafiki. Seva iko wapi? Nywila anayo nani? Akataka aonyeshwe sifuri kabla mtu yeyote hajapiga kura. Akaonyeshwa. Msichana alipoinama chini ya meza kutafuta soketi, mume wangu akabonyeza jina moja, eti ajaribu kama inashika. Nilikuwa hapo karibu nikipanga vikombe, nikamwona. Nilidhani atamwambia aifute. Hakumwambia. Akavuta kiti, akaikalia ile mashine siku nzima, hata chapati nikampelekea hapo hapo. Zamu yake ilipofika, akapiga kura kama watu wengine.

Jioni kura zikazidi watu kwa moja.

"Mlidhani sisi ni wajinga?" Mume wangu alikuwa ameshasimama. Akamgeukia msichana. "Fungua hiyo seva hapa, ama useme ni nani amekutuma."

Msichana alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku, kwamba hajui kura hiyo imetoka wapi. Akaanza kufuta macho. Mama mmoja nyuma yangu akasema wizi ni wizi, hata uwe wa kisomi. Watu wakaanza kuitikia.

Aki nilitamani ardhi ipasuke. Nilikohoa, nikamkonyeza yule bwana, wapi! Nimefundwa kwamba mke hamwaibishi mumewe mbele za watu. Lakini nilipoona mtoto wa wenyewe analia, nikasema kwa sauti, "Baba watoto, hiyo kura ni yako. Uliibonyeza asubuhi ukijaribu."

Ukumbi mzima ulicheka. Kura yenyewe haikubadilisha mshindi, na matokeo yakatangazwa. Mume wangu akachukua funguo, akaenda kukaa garini.

Nilimkuta msichana akikunja waya, nikamwomba msamaha kwa niaba ya mume wangu.

"Si wewe uliyeniita mwizi, Anti," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Yeye ataniambia mwenyewe?"

"Atakuambia," nikasema.

Tulipoegesha nyumbani Lidcombe, mume wangu akauliza, "Ilikuwa lazima uniseme mbele ya watu?" Nikamwambia hata yeye alimsema mtoto mbele ya watu hao hao. Akafunga mlango wa gari kwa kishindo, akaingia ndani.

Hajamwomba msamaha hadi leo. Nikimkumbusha, anasema mashine lazima zilindwe. Jumapili kanisani msichana huyo hukaa karibu na mlango. Hunisalimia vizuri, kwa heshima zote, kisha hutazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu. Naona aibu. Siku hizi mimi huingilia mlango wa jikoni, nyuma ya kanisa.