Zamu ya Kijana wa Chumba cha Mwisho

Juzi nilikuwa kwa kinyozi Westlands, Nairobi, nikingoja kuitwa, TV ya ukutani ikaanza kurudia kile kipindi cha mauaji yaliyotikisa nchi. Unakikumbuka wewe: muziki wa kutisha, mtangazaji wa sauti nzito, halafu picha ya yule mwimbaji mrembo aliyeuawa umaarufu wake ukiwa juu. Vijana wa kinyozi hata hawakuinua macho. Mimi nilisikia harufu ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya utotoni.

Miaka ya elfu mbili nililelewa na shosho, nyanya yangu, pembeni mwa Kitisuru, kwenye ploti yake ya vyumba vya mabati vya kupangisha. Utasikia Kitisuru udhani tulikuwa matajiri. Wapi! Matajiri walikuwa ng'ambo ya ua wa michongoma, sisi tulisikia tu mbwa wao. TV ilikuwa moja, ya shosho, na Jumapili baada ya taarifa ya saa moja wapangaji walikuja na vigoda vyao kutazama kipindi hicho. Githeri inatokota kwenye jiko la makaa, mimi niko nje nageuza antena huku nikifokewa, "Hapo hapo! Aa, umepitisha!" Kipindi kikiisha, shosho alizima TV akawaombea marehemu wa siku hiyo kwa majina, kama watu wa kanisani kwetu. Yule mwimbaji tulimwombea hadi nikadhani ni shangazi.

Kigoda cha mbele kilikuwa cha mama wa chumba cha mwisho, aliyetoka magharibi mwa nchi na kufulia watu nguo. Kijana wake wa pekee alikuwa dereva wa teksi Hurlingham. Jioni moja abiria walimkodi, wakamuua, wakaenda na gari. Gazeti halikuandika hata mstari. Mama akapeleka picha yake hadi kituo cha TV mjini, soja wa getini akamwambia aiache, ataitwa. Yeye akaelewa kwamba kuna foleni kama ya hospitali, marehemu wanatolewa mmoja mmoja, na wake atafikiwa. Kwa hiyo kila Jumapili alivaa gauni la kanisa na kilemba. "Wakimtoa leo," alisema, "nisipatikane na leso ya kufulia kiunoni." Na kila Jumapili wakatoa mwimbaji, mwanasiasa, mchezaji wa kandanda. Iliniuma kumwona akirudi chumbani na lile gauni lake zuri.

Sasa siku moja mtangazaji amesema tu, "Leo tunamkumbuka kijana mmoja," pap! Stima ikapotea, giza tupu. Ploti nzima ikaguna. Yule mama akaruka, "Ni yeye! Wamefika kwake na stima imepotea! Sasa watarudia lini, shosho?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia huenda si yeye. Shosho akawasha koroboi, akaiweka juu ya TV.

"Keti, mama. TV ndiyo imenyamaza, wewe hujanyamaza. Tuambie."

Akatuambia. Kwamba kijana alipiga mluzi akiosha gari, alipenda omena, vile visamaki vya ziwani, kuliko nyama, aliogopa paka na umri ule wote, na aliapa kwamba siku moja mamake hatafua nguo ya mtu. Tulicheka kwa hiyo ya paka, naye akacheka akilia. Sote tulikuwa tunatazama ile TV iliyozimika, kwa sababu ndiko tulikozoea kutazama. Alipomaliza, shosho akamwombea kijana kwa jina, tukaitikia amina kwa nguvu. Githeri iliungua na hakuna aliyelalamika.

Jumapili iliyofuata mama alikuja na leso yake ya kufulia kiunoni.

Ile ploti iliuzwa, leo ni ghorofa yenye lifti. Shosho alituacha, mama alirudi kwao, wapangaji sijui walitawanyikia wapi. Nawakumbuka, jamani, nakumbuka kwa hamu hata kule kufokewa kwa ajili ya antena. Mwimbaji atarudiwa mpaka wajukuu wetu wamjue. Kipindi cha yule dereva kilitoka mara moja tu, na sisi tuliokiona tunazidi kupungua.

Kinyozi aliponiita, nilimwambia angoje kipindi kiishe. Kikaisha. Nikainamisha kichwa pale pale kwenye benchi, nikaomba, na nikaanza na jina la dereva.