Nilisaini karatasi ya mwenye kosta kwa niaba ya mjukuu wangu, ndipo nikaanza kutafuta wakili

Wakuu, najua wengi wenu humu ni wadogo kwangu, kwa hiyo kabla hamjaniamkia nawajibu kabisa: marahaba. Tuendelee.

Mimi ni bibi wa Kilosa mjini, asili yetu Mamboya kule mlimani. Shule niliishia la nne. Naandika kwa kidole kimoja, nikikosea herufi mnivumilie. Lakini habari yenyewe sikuhadithiwa na mtu, na sina umri wa kutunga.

Nina mjukuu anaitwa Neema. Nimemlea tangu hajaota meno. Ni fundi cherehani, amesomea chuo cha ufundi, na cheti kimetundikwa ukutani kwangu, siyo kwa mama yake. Sare za shule akishona yeye, mtoto anapanda nazo mti na hazichaniki. Mtasema namsifia kwa sababu ni wangu. Ndiyo, namsifia.

Siku hiyo alipeleka sare Mikumi. Pale stendi kosta ikarudi nyuma bila konda kushuka kuangalia. Ikambana Neema kwenye ukuta.

Paja la kulia likavunjika sehemu mbili. Mguu wa kukanyagia cherehani.

Hospitali wakamtia chuma. Daktari akasema itabidi arudi kufanyiwa tena, hospitali kubwa, la sivyo mguu utabaki mfupi na hautakuwa na nguvu. Shikeni hapo, maana ndipo roho yangu ilipotundikwa mpaka leo.

Wiki ya tatu, tumesharudi nyumbani, Neema kalala ndani, wakaja wanaume watatu waliotumwa na mwenye kosta. Mfuko wa mchele, sukari, mafuta, kitenge cha maua. Waliniamkia vizuri, mmoja mpaka akapiga goti.

Sasa mnielewe. Kwetu mgeni wa pole anapokelewa na mkubwa wa nyumba, mgonjwa hasumbuliwi. Na daftari lipo: nani kaja, katoka wapi, kaleta nini. Kwa hiyo waliposema, "Bibi, weka na wewe sahihi hapa, bosi aone kwamba tumefika," niliona ni mambo yale yale ya daftari.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

Hapo ndipo kiburi kilinikalia kichwani. Ningesema "wanangu, lugha hii siisomi" ningepungukiwa nini? Sikusema. Nilivaa miwani, nikaishika karatasi, nikawa natikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelewa. Nikaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe. Napo nikasoma.

Nikasaini. Jina lote, na mkia chini yake, maana mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa wenye digrii.

Waliniachia nakala. Nikaiweka ndani ya Biblia.

Jumapili baada ya ibada akaja jirani yetu, Mwalimu Yohana, mstaafu, kumwona mgonjwa. Nikamtolea ile karatasi kwa kujidai, aone hata mwenye gari ametukumbuka. Akasoma. Akanivuta hadi uani.

"Bi mkubwa, hii umesaini wewe?"

"Mimi."

"Hapa inasema mmeshalipwa mkaridhika. Hamtadai kitu tena, si kwa mwenye gari, si kwa bima."

Nilirudi ndani nikautazama mfuko wa mchele. Tulikuwa tumeshakula nusu.

Sikumwambia Neema. Yeye kila siku kutoka kitandani, "Bibi, nikipata tu wakili, wale watanilipia hiyo operesheni." Nami najibu, "Ndiyo mama." Usingizi ukaisha. Nikisali, nasahau nilichokuwa naomba.

Nikaanza kutafuta wakili kimya kimya.

Wa kwanza nilimkuta nje ya mahakama hapa Kilosa. Tai shingoni, mhuri mfukoni. Hakuniamkia. Sijafika hata nusu ya maelezo akanikatisha, "Mama, hiyo tumeshashinda. Lete hela ya kufungulia faili."

"Na hii karatasi?"

"Hiyo siyo kitu. Tunaichana."

Hakuipokea hata kuitazama. Nikajiuliza, kitu kilichomfanya Mwalimu Yohana anivute hadi uani, huyu anakichanaje kabla hajakisoma?

Nikaingia ndani kwa karani, dada mmoja mpole. Akaniambia, "Bibi, siruhusiwi kukuchagulia wakili. Ila yeyote atakayekuja, muulize jina kamili na namba yake ya uwakili. Kuna orodha mtandaoni, inaonyesha kama yumo."

Nikatoka kumuuliza mwenye tai namba yake. Akasema anaenda mara moja kunywa chai. Nadhani bado anainywa.

(Nimerudi, nilikuwa naepua maharage.)

Nikapanda gari kwenda Mikumi, palepale stendi. Kuna mama lishe alishuhudia kila kitu, na ndiye aliyemfunika Neema kwa khanga yake siku ile. Nikamweleza shida yangu, isipokuwa habari ya karatasi. Akasema mumewe aliwahi kugongwa, wakili aliyewasaidia huwa anafika Mikumi siku za mnada, ana chumba juu ya duka la vifaa vya shule. Akanipa jina lake na namba ya simu. Akaongeza, "Na mimi nipo, mama. Wakinihitaji kusema nilichoona, nitasema."

Nyumbani nikamwambia Neema nimesikia habari za wakili, ya karatasi nikaificha; akalitafuta lile jina kwenye ile orodha kwa simu yake. Likawemo.

Siku ya mnada tukaenda, Neema na magongo yake, mimi na Biblia yangu. Ngazi zile tulipanda kama tunakwenda mbinguni kwa miguu.

Wakili mwenyewe binti mwembamba kama bua. Nikasema kimoyomoyo, hapa tumekwisha. Lakini aliinuka, "Shikamoo bibi," akampa Neema kiti chake kwa sababu kilikuwa na mto.

Akaanza kuuliza: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, picha za eksirei, karatasi za hospitali, namba ya gari, nani aliona. Kila swali nalijibu mimi. La nne akaniinulia mkono kwa adabu.

"Bibi, naomba ajibu mwenye mguu."

Neema akaangalia chini asicheke.

Kisha likaja swali nililokuwa naliogopa tangu Kilosa. "Kuna karatasi yoyote mliyosaini?"

Neema akasema, "Hakuna."

Wakuu, Biblia iliniwaka moto mapajani. Nikaifungua, nikaiweka karatasi mezani. Sikuweza kumtazama mtoto wangu.

Wakili akasoma mbele. Akasoma tena.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Neema, una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Ulimtuma bibi akusainie?"

"Hata sikujua kwamba ipo."

Akaegemea kiti. "Basi hapa aliyeridhika ni bibi. Neema ni mtu mzima, bibi hawezi kuridhia kwa niaba yake. Wataitumia hii kutusumbua, jueni hivyo, lakini nina cha kuwajibu."

Neema akanigeukia na utani wetu wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, kumbe uliyegongwa ni wewe?"

Nikacheka nikalia kwa pamoja. Na niseme ukweli wote: mbali na kushukuru, niliumia. Miaka yote nimeamini neno langu ndilo neno la nyumba ile. Kumbe lingekuwa na nguvu kama nilivyodhani, ningemkata mguu mimi.

Nikamuuliza wakili kama tutashinda. Akasema hawezi kuniahidi hilo. Hapo ndipo nilipomwamini.

Mkataba wake ulikuwa wa Kiswahili, malipo yake yameandikwa, akausoma kwa sauti mstari kwa mstari. Akasaini Neema. Mwandiko wake kama kuku kaparua, lakini ndio uliotakiwa.

Madai yamekwenda bima, jibu bado. Simu ikiita nashtuka. Operesheni inasubiri, na mguu hausubiri.

Wiki iliyopita wale wanaume walirudi, na sukari tena. Nikawakaribisha, nikawapa chai, maana mgeni ni mgeni. Mmoja akatoa kalamu, "Bibi, kuna kasehemu kadogo tulisahau."

Mkono wangu, mniamini, ulitaka kuichukua.

Nikamwambia, "Mwenye mguu yule pale mkekani. Muulize yeye, na yeye atakupa namba ya wakili wake."

Waliondoka chai ikiwa bado ya moto.

Nilichojifunza ni hiki: pole pokea, karatasi usiguse mpaka asome anayeijua, na kusema "sisomi" hakuui mtu. Wakili muulize namba yake kabla hajakuuliza hela.

Sasa wenye uzoefu nisaidieni: bima huchukua muda gani kujibu, na je, kuna aliyefanyiwa operesheni kabla ya kesi kwisha? Anayetaka kunicheka pia acheke, ila aanze na shikamoo.