Kijiti cha Koko

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Juru, kambini kwa wakimbizi, mwanangu, kuni zimelowa na mimi nina njaa. Nilipekua kikapu cha bibi yangu, tuliyemwita Koko, nikaona kijiti kikavu cha urefu wa kidole. Nikakitia motoni. Kilishika upesi, kuni zikafuata, nami nikala maharage yangu kwa raha zote.

Koko alikuwa mfinyanzi. Kijiti hicho alikibiringisha kwenye shingo ya chungu kibichi, udongo ukabaki na mistari ya kupishana. Kilichongwa na mama yake. Tulipokimbia kutoka kwetu Kivu ya Kusini aliacha mbuzi, akaacha nyumba wazi, kijiti akakifunga kwenye pindo la kitenge. Haya yote niliyajua, sitakudanganya.

Aliponiuliza kijiti kiko wapi, nikamwambia nimekichoma. “Koko, ni kijiti tu. Miti iko mingi.” Asiyejua maana haambiwi maana. Toka siku hiyo hakugusa udongo tena, akawa anakaa mlangoni, mikono mapajani. Iliniuma, ila nilikuwa na kiburi.

Wiki chache baadaye mwalimu wa historia alitutuma mjini Mbarara, kwenye kafe ya intaneti, tutafute habari za Misri na Mesopotamia ya kale. Picha zilifunguka polepole, kama mzee anayepanda mlima. Piramidi nilizishangaa. Kisha, upande wa Mesopotamia, kikatokea kijiwe cha mviringo, urefu wa kidole, kimechongwa pande zote. Pembeni yake udongo uliobiringishiwa kijiwe hicho, alama zimebaki. Maelezo yalisema ni muhuri wa maelfu ya miaka, umewekwa ndani ya kioo kwenye jumba la makumbusho, watu wanatoka mbali kuja kuutazama. Machozi yakanitoka hapo hapo.

Mwenye kafe, mzee wa Kiislamu wa mjini pale, akaja nyuma yangu. “Wewe mutoto, muda imeisha. Unalia nini?”

“Mzee, nilichoma kitu cha bibi yangu, kama hiki.”

Akaitazama picha kitambo. “Bibi bado iko?”

“Yuko.”

“Basi enda. Omba yeye musamaha.”

Jioni ile nilipiga magoti mbele ya Koko, nikamweleza yote, hata kioo. Akasikiliza mpaka mwisho. “Bale batu ba zamani,” akasema, “kama bangechoma yao, ungeiona fasi gani, wapi?” Kisha akasema, “Leta mutungi wa mayi.”

Ulikuwa mtungi wa mwisho aliouchora kwa kijiti kile. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi akashika kidole changu, akakipitisha juu ya mistari. “Huu unapanda, ule unashuka. Kata muti. Ni weye utachonga.”

Niliharibu vijiti vitatu. Cha nne akakibiringisha kwenye udongo, akapapasa, akacheka. Mavuno yaliyofuata ya mahindi hayakumkuta. Kijiti hicho cha nne ninacho, na mistari naijua kwa vidole.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Zitazame piramidi kwenye simu yako, ni elimu nzuri. Ukimaliza, mwulize bibi yako alikuja na nini kwenye pindo lake. Na ukimkosea, wahi kuomba radhi angali anakusikia. Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi, na mikono yako isikose cha kurithisha.