Simu Inayoitikia Salamu

Juzi niliingia duka la simu Kasulu kununua chaja, nikamkuta muuzaji akimnadia mteja simu ya bei mbaya. Kamera inavuta mpaka mwezini, chaji inakaa, na ukiipoteza unapiga makofi tu, inajibu, "Niko hapa."

"Kasoro yake?" mteja akauliza.

"Haina."

Akaingia bibi mmoja wa Makere, akatusalimia Kiha chetu, kwa makofi ya taratibu: "Mwakeye."

"Niko hapa," simu ikadakia.

Bibi akaendelea na makofi yake, akauliza habari za watoto, za shamba, za mbuzi. Simu ikaitikia zote.

"Kasoro nimeiona," mteja akasema. "Ukweni itamsalimia mama mkwe kabla yangu."

Bibi akauliza bei. "Nimpelekee mwanangu Dar. Yake haijawahi kuitikia."