Mama na 8191

Mama alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na hadi leo kuna watu wazima, vitambi mbele, wakimwona barabarani wanaficha mikono mfukoni. Kiharusi kilipompiga kilimwachia mkono mmoja tu unaofanya kazi, wa kushoto, na ulimi mzito. Basi kaka yangu mkubwa, tunayemwita Bosi kwa sababu alianza kuamuru watu kabla hajajua kutembea, akaamua: nyumba ya Mama ifungwe, na Mama azungushwe, mwezi kwake, mwezi kwa dada, mwezi kwangu, kama jenereta ya kuazima. Mwenyewe hakuulizwa.

Siku ya kuja kumchukua, Bosi alianza na mtihani. "Mama, leo siku gani?"

"Jumanne."

Ilikuwa Alhamisi. Bosi akanigeukia. "Umeona? Kichwa hakipo tena." Alisema hivyo Mama akiwa amekaa palepale, kana kwamba ni kabati. Mstaafu Alhamisi anaifanyia nini?

"Niulize swali la maana," Mama akasema. "Taja namba."

Bosi akatupa tu: "Elfu nane, mia moja tisini na tatu."

"Nane, moja, tisa, tatu, jumla ishirini na moja. Inagawanyika kwa tatu. Toa mbili, ibaki elfu nane, mia moja tisini na moja. Hiyo sasa ni namba tasa. Haikubali kugawanywa ila kwa moja na kwa yenyewe. Kaa chini nikuthibitishie."

Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, tarakimu zikatoka zimelewa. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa tano, moja. Kwa saba, moja tena. Kwa kumi na moja, saba. Alijaribu namba tasa tu, na alisema hatavuka tisini, kwa kuwa tisini na moja mara tisini na moja inaizidi 8191. Kama kungekuwa na kigawanyo kikubwa, kingekuwa na mwenzake mdogo, na huyo mdogo tungeshamkamata.

Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mama, pumzika kidogo," nikasema.

"Nyamaza."

Alipofika arobaini na saba, Bosi akaruka kitini. "Umeipita arobaini na tatu!" Furaha yake ilinichefua. Mama akaangalia karatasi. Ni kweli, alikuwa ameiruka. Akarudi, akagawa, ikabaki ishirini na moja, akaendelea na hamsini na tatu.

"Na hamsini na moja je?" Bosi akadakia.

"Hamsini na moja ni tatu mara kumi na saba. Hizo zote zimeshashindwa. Kosa hilohilo ulinifanyia darasa la sita."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mama hakucheka. Alikwenda nayo mpaka themanini na tisa, ikabaki tatu, akaweka kalamu mezani.

"Haya, ni tasa," Bosi akasema. "Lakini siku umekosea, namba umeiruka, na kuoga peke yako huwezi. Ukianguka bafuni je?"

"Siku nitakosea. Namba nitaziruka, nitazirudia. Na nikianguka, mwanangu, nianguke bafuni kwangu."

Bosi akanitazama, akisubiri nimuunge mkono. Niliinuka, nikaenda kumfungulia mlango wa nje.